Mdudu Mweupe wa Kahawa na Afya ya Mfanyakazi



Katika barua ambazo matawi yametuletea tangu kiangazi kuanza, neno moja limerudi mara nyingi karibu sawa na neno la mishahara. Nalo ni neno la mdudu mweupe wa kahawa. Mmetuandikia ya kuwa matawi yamekuwa kama yamenyunyiziwa unga, majani yamepakwa masizi, na maua yanaanguka kabla ya kufunga tunda. Tena mmetuandikia ya kuwa kwa sababu hiyo pampu zimetolewa stoo, na watu wanapigishwa dawa wiki baada ya wiki, wengine bila glovu, wengine na viatu vilivyotoboka.

Wako pia waliouliza: Je, chama cha wafanyakazi kina shauri gani na wadudu? Kazi ya chama si mishahara, nyumba na likizo?

Twajibu ya kuwa chama kina shauri kubwa na mdudu huyu. Akiharibu kahawa, wa kwanza kuambiwa hakuna kazi ni kibarua, si meneja. Akipigwa dawa, wa kwanza kuivuta dawa ile ni yule aliyeibeba mgongoni. Na kahawa ikikataliwa sokoni, mwenye shamba huja kwenye meza ya mapatano na kusema hana fedha ya kuongeza. Kwa hivi mdudu huyu huingia katika mshahara wetu, katika mapafu yetu na katika sufuria zetu. Hatuna budi kumjua.

Kwanza tumjue ni nani. Wengi wenu mwamwita mdudu wa unga. Wataalamu wa kilimo wanaotumia Kiswahili humwita kidung'ata. Ni mdudu mdogo sana, laini, amejifunika nta nyeupe iliyo kama unga. Hakati jani kama kiwavi. Yeye ana mdomo kama sindano, anauchoma katika tawi changa, katika kikonyo cha ua au katikati ya matunda yaliyosongamana, kisha anakaa pale pale akinyonya utomvu. Jike hana mabawa. Watoto wake ndio watembeao, nao hubebwa na upepo, na nguo za watu, na vikapu.

Utomvu anaounyonya una sukari nyingi kuliko anavyohitaji. Sukari inayozidi anaitoa nyuma kama maji matamu. Maji hayo huanguka juu ya majani, na juu yake huota ukungu mweusi. Ndiyo yale masizi mnayoyaona. Jani lililofunikwa masizi halipati jua vizuri, na mti unazidi kudhoofika.

Sasa hapa ndipo penye siri yenyewe. Sisimizi wanayapenda maji yale matamu. Wanapanda mti mchana na usiku kuyakusanya, na kwa kuwa hiyo ni posho yao, wanamlinda mdudu mweupe kama vile mchungaji anavyolinda ng'ombe wa maziwa. Mdudu mwingine akija kumla yule mweupe, sisimizi humfukuza. Mtu anayempiga mdudu mweupe na kuwaacha sisimizi amefukuza ng'ombe na kumwacha mchungaji, naye mchungaji atatafuta ng'ombe wengine.

Mambo haya hayakujulikana jana. Yalijulikana hapa hapa Kenya, na yaligharimu miaka mingi. Inafaa kila mwanachama ayajue, maana ni historia ya kazi yetu.

Mnamo 1923 mdudu huyu alionekana kwa wingi katika kahawa upande wa Thika. Katika miaka iliyofuata akaenea katika nchi ya juu mashariki ya Bonde la Ufa. Hakukaa katika mashamba ya walowezi tu. Aliingia pia katika mashamba ya Waafrika, akashika mbaazi na viazi vikuu, na vyakula vingine vya watu ambao wakati ule hawakuruhusiwa hata kupanda kahawa. Mwafrika hakuwa na faida ya kahawa, lakini hasara ya mdudu wa kahawa aliipata sawasawa.

Dawa za wakati ule hazikumweza, kwa sababu ile nta humkinga, naye hujificha ndani ya vishada. Ndipo wataalamu walipotambua habari ya sisimizi. Ikaamriwa kila shina lipakwe utepe wa grisi ili sisimizi wasipande. Fikirini, ndugu, ni mashina mangapi yaliyo katika shamba moja, na kila utepe lazima uangaliwe na kupakwa tena vumbi linapoukausha. Kazi ile haikufanywa na wataalamu. Ilifanywa na wazee wetu, waliokuwa na kipande shingoni. Walioikoa kahawa ya Kenya katika miaka ile ya shida walikuwa vibarua wenye debe la grisi mkononi, ingawa majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote.

Utepe ulisaidia, lakini haukumaliza mambo. Serikali ikatafuta maadui wa asili wa mdudu yule. Wataalamu walidhani ya kuwa ni mdudu wa aina inayojulikana katika nchi za Asia. Basi wakatafuta huko mbali sana, hata Ufilipino, wakaleta wadudu wa kumwangamiza. Wale wageni hawakumfaa. Mwishoni Bwana Le Pelley, mtaalamu wa wadudu wa serikali, akatambua ya kuwa huyu ni aina nyingine kabisa, akampa jina lenye neno la Kenya ndani yake, "kenyae". Hata hivyo kwao hasa si Kenya. Kwao ni Uganda, na kule alikuwapo siku zote bila kuleta shida kubwa, kwa sababu maadui zake walikuwapo pia.

Basi mnamo 1938 wakaletwa kutoka Uganda nyigu wadogo mno, wadogo kuliko sisimizi, wa jamii inayoitwa Anagyrus. Nyigu hawa hawaumi mtu. Jike hutaga yai ndani ya mwili wa mdudu mweupe. Yai likianguliwa, funza humla mwenyeji wake kutoka ndani mpaka anabaki ganda kavu, kisha nyigu mpya hutoboa tundu na kuruka kwenda kutafuta mwingine. Katika miaka michache mdudu mweupe alirudi nyuma sehemu nyingi, na ile kazi kubwa ya grisi ikapungua. Kufika 1959 ilikadiriwa ya kuwa kahawa ya Kenya ilikuwa imeokolewa hasara ya paundi milioni 10, na gharama yote ya kazi ile haikuzidi paundi 30,000. Kila paundi moja iliyotolewa ilirudisha zaidi ya paundi mia tatu.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Fedha nyingi kiasi hicho hazikuletwa na dawa ya sumu. Zililetwa na watu waliomchunguza mdudu, na nyigu aliyetoka kwa jirani, na mikono ya vibarua.

Lakini binadamu ni msahaulifu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuja dawa mpya zenye nguvu, kama vile DDT, dieldrin na parathion. Zilionekana kama miujiza. Zilipigwa juu ya kahawa kwa ajili ya wadudu wa kila namna, nazo zikaua rafiki pamoja na adui. Wadudu waliokuwa hawana maana, kama viwavi fulani wa majani, wakainuka wakawa tauni, kwa sababu waliokuwa wakiwala wamekufa. Leo DDT na dieldrin zimo katika orodha ya sumu za mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao mataifa yalikubaliana ndani yake kuziondoa au kuzizuia. Watu waliozipiga kwa mikono mitupu wakati ule hawakuulizwa.

Sasa tuje kwa mambo ya leo.

Katika shamba moja, ambalo hatutalitaja jina kwa kuwa shauri lake bado liko mezani, mdudu mweupe alionekana katika mistari iliyo kando ya barabara ya vumbi. Mzee mmoja wa pale, aliyefanya kazi ya kukata matawi tangu ujana wake, alichukua tawi akampelekea supavaisa. Akamwonyesha ya kuwa wengi wa wale wadudu wamekwisha kuwa maganda makavu yenye tundu. Akasema, "Bwana, hawa wanakufa wenyewe. Tuwazuie sisimizi, tungoje kidogo." Jibu alilopewa ni hili: "Mzee, wewe umeajiriwa kupiga pampu, hukuajiriwa kufikiri."

Pampu zikapigwa shamba zima, siyo ile mistari ya barabarani tu. Watu walipewa kitambaa cha kujifunga puani. Siku ya tatu vijana wawili waliumwa kichwa, wakatoka jasho jingi na kutapika. Karani aliandika ya kuwa hawakuja kazini, na siku zao zikakatwa. Mjumbe wetu aliposimama imara, siku zile zililipwa. Hata hivyo afya haikulipwa. Na mdudu je? Baada ya majuma machache alirudi, safari hii mpaka katikati ya shamba, kwa sababu nyigu walikufa na sisimizi wengi walikuwa salama ndani ya ardhi.

Twauliza: Ni nani aliyekuwa mtaalamu katika shamba lile siku ile? Ni yule mwenye kalamu au ni yule mzee mwenye tawi mkononi?

Hatusemi ya kuwa dawa zote ni mbaya, wala hatusemi ya kuwa kila supavaisa ni mtu mbaya. Wako mameneja wenye akili wanaokagua kwanza na kupiga dawa baadaye, tena mahali palipo na haja tu. Twasema hivi: kupiga dawa shamba zima kwa tarehe ya kalenda, bila kuangalia kama mdudu yupo na kama nyigu wake yupo, ni kutupa fedha ya shamba na kuhatarisha mtu bure.

Tena liko neno ambalo twajua linasemwa kwa sauti ya chini katika mistari ya nyumba zetu, nasi hatutalikwepa. Baadhi ya ndugu wanasema: "Dawa ikipunguzwa, siku za kazi zitapunguzwa. Mimi nina watoto shuleni. Afadhali pampu kuliko kukaa bure." Neno hili ni zito, na anayelisema si mjinga. Njaa ni ya leo, na ugonjwa wa dawa pengine ni wa kesho kutwa.

Jibu letu ni hili. Njia ya kumshinda mdudu mweupe bila dawa nyingi haipunguzi kazi ya mikono, pengine inaiongeza. Kukagua miti kunataka watu. Kufunga tepe na kuzitunza kunataka watu. Kukata matawi yanayogusa chini, kuondoa machipukizi, kupalilia karibu na shina, yote yanataka watu. Kinachopungua ni madebe ya dawa, na fedha ya madebe yale inaweza kulipa mikono. Lakini jambo hili halitatendeka lenyewe. Mwajiri akiachwa peke yake, ataweka akiba ile mfukoni na kumwambia kibarua arudi mwezi ujao. Ndiyo sababu ni neno la chama. Sharti liandikwe katika mapatano: siku zinazotoka kwa pampu zihamie kwa ukaguzi na ukataji, kwa mshahara usiopungua.

Sasa yafuatayo ni mambo ambayo kila mwanachama wa shamba la kahawa anafaa kuyajua, awe anafanyia mwajiri au ana miti yake michache nyumbani:

1. Ukiona sisimizi wengi wanapanda shina, fuata njia yao mpaka juu. Mara nyingi utamkuta mdudu mweupe mwanzoni, kabla hajaenea. Angalia hasa machipukizi, vishada vya matunda na miti iliyo karibu na barabara. Vumbi huwasumbua nyigu, na mdudu mweupe hustawi.

2. Kata matawi yanayogusa ardhi, ondoa magugu marefu yanayoegemea mti. Hayo ndiyo madaraja ya sisimizi. Utepe wa shinani hauna maana yoyote kama liko tawi moja linalofika chini.

3. Utepe uzungushwe shina zima juu ya karatasi ngumu au kitambaa, ili grisi isishike gome na kuudhuru mti. Utazamwe mara kwa mara, kwa maana ukifunikwa vumbi na majani sisimizi huvuka.

4. Kabla ya kuamua dawa, tazama wadudu wenyewe kwa makini. Ukiona maganda makavu yenye tundu, nyigu wako kazini. Ukiona pia mbawakawa wadogo wa mviringo na watoto wao wanaokula wale weupe, hao ni rafiki. Waachie nafasi.

5. Machipukizi yasiyotakiwa yaondolewe mapema, na miti iliyosongamana ipunguzwe matawi. Mti wenye hewa na jua ndani yake haumpi mdudu maficho, na ukaguzi wake ni rahisi.

6. Dawa ikibidi, ipigwe juu ya miti iliyoshikwa tu, kwa shauri la afisa wa kilimo, na karatasi ya chupa isomwe kwa sauti kwa lugha ambayo wapigaji wanaielewa. Siku zilizoandikwa za kutoingia shambani ziheshimiwe. Akina mama wachuma kahawa wasipelekwe katika mistari iliyopigwa jana.

7. Chupa na madebe ya dawa yasibebwe nyumbani kuwekea maji, mafuta wala uji wa mtoto, hata yakioshwa mara saba. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Mambo haya si ya kahawa peke yake. Wale wenu wenye wazee pwani mmesikia habari ya mdudu mweupe wa mpapai, aliyetoka katika nchi za Amerika ya Kati akaharibu mipapai ya watu. Watafiti wa KALRO na wenzao wamemletea nyigu wake kutoka nje. Na wale wanaokumbuka habari za muhogo watajua ya kuwa kidung'ata mwingine, aliyetoka Amerika ya Kusini, alionekana Kongo katika mwanzo wa miaka ya 1970 akaenea Afrika akiacha njaa nyuma yake. Nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay, na kuachiliwa kwanza huko Nigeria mnamo 1981, ndiye aliyemrudisha nyuma. Bwana Hans Herren, aliyeongoza kazi ile, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mnamo 1995. Somo ni lile lile tulilolipata hapa tangu 1938. Haifai tulisahau sisi tulio wenyeji wake.

Tumalize kwa kusema tunayoyadai.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeshika kitu cha kudhuru nguo za kinga zinazofaa, zikiwamo glovu, viatu, miwani na kofia pale panapohitajika. Kitambaa cha puani si nguo ya kinga. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, na mazingira ya kazi yanayofaa, na kuingia katika chama. Haya siyo maombi. Ni sheria ya nchi. Mjumbe wa tawi ayaandike na kuyabandika mlangoni pa stoo ya dawa.

Juu ya hayo twadai mambo matatu katika mapatano yajayo. La kwanza, katika kila shamba wachaguliwe wakaguzi wa wadudu kutoka kwa wafanyakazi wenyewe, wafundishwe, na walipwe kama watu wenye ujuzi. La pili, pampu isitolewe stoo mpaka wakaguzi wametoa habari yao, na habari hiyo iandikwe katika kitabu ambacho mjumbe wa chama anaweza kukisoma. La tatu, mtu aliyeugua kwa sababu ya dawa asikatwe siku hata moja, na apelekwe kwa daktari kwa gari la shamba, siyo kwa miguu yake.

Waajiri watasema haya ni gharama. Nasi tutawakumbusha hesabu ya paundi 30,000 na paundi milioni 10. Wanunuzi wa Ulaya siku hizi hupima masalio ya dawa katika kahawa, na mzigo ukikataliwa bandarini, hasara yake hailipwi na kampuni iliyouza dawa. Mwajiri mwenye akili ataona ya kuwa katika jambo hili faida yake na yetu ziko njia moja. Asiyeona, tutamwonyesha kwa umoja wetu.

Na wewe ndugu unayesoma ukurasa huu chini ya mti wakati wa chakula, mpe na mwenzako asome. Kesho ukiingia shambani, geuza jani moja utazame. Ukimwona mdudu mweupe, mtafute sisimizi, kisha mtafute nyigu. Ukitumwa kupiga pampu bila kinga, usiende peke yako kubishana. Mwite mjumbe, simameni pamoja. Sisimizi mmoja hufutwa kwa kidole, lakini msafara wao hupita juu ya shina lote. Tujifunze kwao jambo hilo moja.

Umoja ni nguvu.